Kwa nini gemu zenye ulimwengu mtamu ndizo zenye sheria mbovu?

#1 Kete_Moto (Ntinda)

Wakuu, hamjambo. Swali hili limenikaa kichwani muda mrefu, leo nalileta hapa lipigwe.

Nacheza gemu za kuigiza mezani, zile ambazo mmoja anaendesha hadithi, kila mwingine ana mhusika wake kwenye karatasi, na dadu ndizo zinazoamua. Kila nikipata gemu yenye ulimwengu unaonikosesha usingizi, sheria zake zinanikosesha raha. Zile zenye sheria safi, ulimwengu wake mara nyingi umepoa, hauniiti.

Mfano Shadowrun, iliyotolewa 1989 na FASA, kampuni ya Chicago. Dunia ya mwaka 2050: uchawi umerudi, makampuni makubwa yana majeshi yao na ardhi isiyoguswa na serikali yoyote, wadukuzi wanachomeka waya kichwani, na miaka michache mbele joka anagombea urais, anashinda, anauawa usiku ule ule wa kuapishwa. Nani atasoma hayo asitake kucheza?

Haya, sheria. Katika matoleo ya mwanzo unatupa dadu za kawaida za pande sita, na mwendeshaji anakutajia namba ya kufikia. Dadu ikiangukia 6, unaitupa tena na kujumlisha. Kaeni na hesabu hiyo kidogo. Ukishapata 6 lazima utupe tena, na chini kabisa utapata 1, yaani 7. Hakuna njia ya kubaki na 6. Kwa hiyo kufikia 6 na kufikia 7 ni kazi ile ile, nafasi moja kati ya sita. 12 na 13 vilevile. Mwendeshaji anasema "mvua imeanza, naongeza ugumu kwa moja", na kumbe hajaongeza kitu.

Dai langu: wanaobuni dunia hizi ni watunzi wa hadithi. Moyo wao wote uko kwenye joka na makampuni. Hesabu wanaifikia mwishoni, wamechoka, na siku ya kupeleka kitabu kwa mchapaji imefika. Nani ana maelezo mengine?

#2 Nalongo_Jinja

Umeliacha kosa kubwa kuliko hilo la 6 na 7. Mdukuzi! Akishaingia mtandaoni anacheza peke yake na mwendeshaji: mlango huu, mlinzi yule, faili ile, tupa dadu, tupa tena. Sisi wengine tumekaa. Siku moja kwetu Walukuba tulitoka wote kwenda kuagiza rolex, ile chapati ya kuviringisha na mayai. Yule wa chapati alikuwa na foleni. Tukasubiri, tukala, tukanawa, tukarudi. Mdukuzi bado yuko mlango wa pili.

Na hapo hesabu haina kosa lolote. Aliyeandika aliifanya kila kazi kuwa gemu ndogo inayojitegemea, asijiulize wenzake mdukuzi watakuwa wanafanya nini saa hiyo. Kwa hiyo hao watunzi wako wasiojua hesabu hawanitoshi.

#3 Boda_wa_Dadu (Wandegeya)

Nalongo, rolex ya mayai mangapi? Uzi mzuri, nakaa hapa.

#4 Clearing_Malaba

Nalongo umegusa penyewe. Mfano wangu ni Rifts ya kampuni ya Palladium, nadhani ya mwishoni mwa miaka ya 80. Ni dunia yetu hii hii baada ya maangamizi: mistari ya nguvu iliyolala ardhini imefumuka, milango ya dunia nyingine iko wazi, Atlantis imeibuka baharini, na kuna jeshi kule Amerika Kaskazini linalovaa mavazi ya vita yenye sura ya fuvu. Nilipokifungua kitabu mara ya kwanza nilisoma hadi umeme ukakatika, nikaendelea na tochi ya simu.

Sheria sasa. Kuna majeraha ya kawaida na majeraha makubwa, na jeraha kubwa moja ni sawa na ya kawaida 100. Kitabu kinakuruhusu uwe mzururaji mwenye begi na maneno matamu, na hapo hapo kinamruhusu rafiki yako awe rubani wa Glitter Boy, vazi la chuma lenye uhai wa 770 kwa kipimo cha majeraha makubwa. Bunduki yake ni dadu tatu za pande sita, jumla unazidisha kwa kumi. Wastani ni 105. Igeuze iwe ya kawaida: 10,500 kwa risasi moja! Adui anayeweza kumtikisa rubani akimgusa mzururaji hakuna cha kuzika. Adui anayemfaa mzururaji, rubani hata hamsikii.

Maelezo yangu ni majaribio. Gemu inajaribiwa mezani kwa mwandishi mwenyewe. Akiona mzururaji anakaribia kufa anageuza hadithi papo hapo, risasi inapiga ukuta, watu wanarudi nyumbani wameridhika. Kile alichokifanya kwa kichwa chake hakimo kitabuni. Sisi huku mpakani tunapata kitabu bila mwandishi.

#5 Mzee_wa_Bombo

Clearing, Rifts ni ya 1990. Mwandishi ni Kevin Siembieda.

Na kuhusu mzururaji nakukatalia. Dunia ya Rifts haina usawa, na sheria zinasema ukweli huo. Mwenye panga hasimami mbele ya kifaru. Nchi hii tumepitia miaka ambayo mtu wa panga alikutana na mtu wa kifaru, na tunajua alichofanya: alijificha, alisikiliza, aliongea vizuri kizuizini, alipita usiku. Mzururaji akichezwa hivyo anakuwa mtu wa maana kuliko rubani. Ninyi mnataka kila mhusika apigane, halafu mnailaumu gemu.

#6 Clearing_Malaba

Shikamoo mzee. Kuhusu maisha, uliyosema ni kweli tupu. Lakini kitabu kikijaza kurasa kwa kurasa za bunduki na mavazi ya vita, na cha kujificha na kuongea kizuizini kikapewa asilimia chache za ujuzi basi, kitabu chenyewe kimeshamwambia mchezaji afanye nini.

#7 Bint_Arua

Mimi naleta Vampire: The Masquerade, White Wolf, 1991. Wewe ni mnyonya damu mjini, unaficha hali yako, ukoo wako una siasa za miaka mia tano, na adui yako mkubwa ni njaa yako mwenyewe. Hakuna ulimwengu ulionikamata kama huo.

Unatupa dadu za pande kumi, kadiri ya ujuzi wako. Kila dadu iliyofika namba ya ugumu ni mafanikio. Kila 1 inafuta fanikio moja. Katika matoleo ya mwanzo, moja zikizidi mafanikio, ni maafa: bunduki inalipuka mkononi, siri inatoka, na kadhalika. Sasa angalieni ugumu wa 10. Mwenye dadu moja ana asilimia 10 ya maafa. Mwenye mbili, 17. Mwenye tatu, 22. Kadiri unavyokuwa hodari ndivyo unavyojiangamiza! Mwanafunzi yuko salama kuliko bingwa. Hii nayo mzee wa Bombo ataniambia ni ukweli wa maisha?

#8 Mwl_Elgon (Mbale)

Nafundisha hesabu, kwa hiyo ruhusa niingie. Namba za Bint_Arua ni sahihi, nimezikokotoa upya. Hitimisho ndilo limefika nusu ya njia.

Katika ugumu wa 10, uso wa maafa ni mmoja (1) na uso wa mafanikio ni mmoja (10). Pande hizo mbili zinalingana kabisa. Maafa yakipanda 10, 17, 22, mafanikio nayo yanapanda 10, 17, 22. Kinachopungua ni katikati, kule kukosa tu bila lolote kutokea: 80, kisha 66, kisha 56. Kwa hiyo bingwa hajawa mbaya kuliko mwanafunzi. Amekuwa mtu ambaye akigusa jambo gumu, lazima kitu kitokee, kizuri au kibaya.

Tena rudini kwenye ugumu wa 6, ambao ndio wa kawaida mezani. Hapo maafa yanashuka: dadu moja 10, mbili 9, tatu chini ya 8. Sheria inafanya kazi pale inapotumika sana na inaharibika pembezoni. Nadhani ndivyo ilivyopita majaribio. Waliojaribu walikuwa kwenye 6, hawakukaa sana kwenye 10.

Na kwa Kete_Moto: hilo la 6 na 7 liliondolewa toleo la nne la Shadowrun, 2005. Siku hizi namba ni 5 daima, unahesabu dadu ngapi zimefika.

#9 Bint_Arua

Asante mwalimu. Lakini mezani hakuna anayeishi ndani ya ile 56. Watu wanakumbuka mtaalamu wa bunduki aliyejipiga mguu. Sheria inayohitaji mwalimu wa hesabu aje kuitetea imeshindwa kazi yake, maana kazi yake ni kumfanya mchezaji ahisi kwamba mhusika wake ni hodari.

Maelezo yangu: waandishi wanachagua dadu kwa jinsi zinavyojaa mkononi. Kumwaga dadu nane mezani ni raha, mnasikia mlio, kila mtu anainama kuangalia. Raha hiyo ndiyo iliyowachagulia sheria.

#10 Nalongo_Jinja

Hilo la kuinama kuangalia ni kweli kabisa. Mezani kwetu hata wasiocheza wanainama.

#11 Mchapaji_Nasser (Kampala)

Nyote mnakwepa pesa. Mimi kazi yangu ni vitabu, sio gemu tu, na nawaambia anayelipa ndiye anayeamua kitu kinanenepa wapi. Waandishi wengi wa gemu hizi hulipwa kwa idadi ya maneno. Ukilipwa kwa neno, utaandika koo kumi na tatu za wanyonya damu, historia ya kila mji, orodha ya silaha. Kufuta sheria mbili na kuacha moja nzuri ni kazi ya wiki nzima ambayo mwishoni inapunguza maneno. Nani atailipia?

Halafu ulimwengu ndio unaouza. Mnunuzi anafungua kitabu dukani, anaona picha ya joka mbele ya magorofa. Haoni kwamba 6 ni 7. Hilo ataligundua nyumbani, ameshalipa.

#12 Kete_Moto

Mchapaji, hiyo inaeleza kwa nini vitabu ni vinene. Haielezi kwa nini sheria ile ile mbovu inarudi toleo la pili na la tatu, wakati malalamiko yameshamfikia mwandishi.

#13 Mchapaji_Nasser

Inaeleza. Ukibadilisha sheria sana, vitabu vyote vya nyuma ulivyouza vinakuwa havitumiki, na wateja wako wa zamani wanakugeukia. Unarekebisha kidogo kidogo ili wasikimbie.

#14 Nakivale_Rafiki

Salamu kwenu. Sisi tunacheza kambini kwa Kiswahili, maana mezani kuna Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda na kijana mmoja wa Isingiro. Tunacheza Call of Cthulhu, ya 1981, ya Chaosium. Watu wa kawaida wanachunguza jambo wasilopaswa kulijua, na kadiri wanavyojua ndivyo akili zao zinavyokatika. Ulimwengu wake unatisha vizuri, bila hata kuona zimwi.

Tatizo letu lilikuwa barua. Ilikuwa chini ya zulia, na bila barua hiyo hadithi haisogei. Ujuzi wa kuona vilivyofichwa unaanzia asilimia 25. Tulitupa wote wanne, tukakosa wote wanne. Basi tukakaa ndani ya nyumba ile. Tukafungua kabati, tukaongea na mlinzi, tukarudi sebuleni. Mwendeshaji anatutazama, sisi tunamtazama, na barua iko pale chini ya miguu yetu. Kikao kikafa hapo.

Mtu aliyetengeneza gemu inayohusu uchunguzi angewezaje kufanya dalili ya kwanza kabisa iwe bahati nasibu?

#15 Boda_wa_Dadu

Si mwendeshaji angewapa tu hiyo barua? Mtu anaikanyaga, inalia karatasi, mnaendelea. Hapo mwenye makosa ni mwendeshaji, kitabu mnakionea.

#16 Nakivale_Rafiki

Ndugu yangu, ukiuziwa jiko linalovuja na fundi wako akaliziba, bado uliuziwa jiko linalovuja. Mwendeshaji wetu ni binti wa miaka kumi na minane, alikuwa anafuata kitabu kwa uaminifu. Kitabu kilimwambia mtupe dadu, tukatupa. Kwa nini alaumiwe yeye?

#17 Mwl_Elgon

Watu wanne wenye asilimia 25 kila mmoja: nafasi ya wote kukosa ni 0.75 mara nne ikizidishwa yenyewe, karibu asilimia 32. Yaani karibu kikao kimoja kati ya vitatu kinafia kwenye zulia. Rafiki, kuna mfumo unaoitwa GUMSHOE, wa Robin Laws, ulioanza 2007, uliotengenezwa kwa ajili ya tatizo hili hili. Ukiwa na ujuzi unaofaa na ukatafuta mahali panapofaa, dalili ya msingi unapewa bila kutupa dadu. Dadu zinabaki kwa hatari.

#18 Mzee_wa_Bombo

Mwalimu, hapo mmeua kitu. Hofu ya Call of Cthulhu inatoka kwenye kukosa. Ukijua kwamba utapata barua hata ufanye nini, unatembea ndani ya nyumba ile kama mwenye nyumba.

#19 Nakivale_Rafiki

Mzee, sisi hatukuogopa. Tulichoka.

#20 Mubende_Kwetu

Ngoja niwape maelezo ambayo hayajatajwa: urithi. Gemu ya kwanza kabisa, Dungeons & Dragons (D&D) ya Gary Gygax, 1974, ilitoka kwenye gemu za vita za askari wadogo wa kuchonga. Mojawapo, Chainmail ya 1971, ndiyo iliyokuwa msingi wa mapigano. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza sheria zilijua kitu kimoja vizuri: nani kampiga nani, na vazi lake la vita ni zito kiasi gani. Na ulipanda ngazi kwa dhahabu uliyotoa shimoni, sarafu moja pointi moja.

Kila aliyefuata alibeba mifupa hiyo na kuivisha ngozi mpya. Mwaka 2000 toleo la tatu la D&D likaja na leseni iliyomruhusu mtu yeyote kutumia mfumo wa dadu ya pande ishirini. Zikafurika. Mojawapo ni Nyambe, ya Atlas Games, 2002, ulimwengu uliotungwa kutoka hadithi za Afrika. Niliitafuta sana, na niliposoma nilifurahi kuona mizimu na mababu wakipewa heshima yao. Lakini chini yake ni mifupa ile ile: katika mfumo huo kinga yako mwilini hutegemea vazi, na nguvu zako zinakadiriwa kwa mali uliyobeba. Umetunga nchi ambayo mtu mkubwa ni yule mwenye mababu wanaomsikiliza, halafu sheria inamhesabia sarafu!

Ndiyo maana nasema tatizo si hesabu mbovu. Ni hesabu nzuri ya dunia nyingine.

#21 Bint_Arua

Gygax na Dave Arneson. Arneson asisahaulike, yeye ndiye aliyeendesha Blackmoor, ulimwengu wake wa kuchezea, kabla kitabu hakijakuwepo.

Lakini #20 imenishika. Nitaifikiria.

#22 Boda_wa_Dadu

Wakuu nikatize kidogo. Dadu za pande kumi mnazipata wapi? Sisi tuna za ludo tu.

#23 Nalongo_Jinja

Vikaratasi kumi ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), unatikisa, unachomoa. Sisi ndio mtindo wetu.

#24 Mwl_Elgon

Sawa, lakini kila mtu akichomoa arudishe kabla mwingine hajachomoa. Kama hamrudishi, 1 ikishatoka hakuna maafa tena mpaka mjaze upya, na watu wataanza kuhesabu zilizobaki. Mtakuwa mnacheza karata bila kujua.

#25 Nalongo_Jinja

Mwalimu, sisi haturudishi, na tunapenda hivyo. Ile 1 ikikawia kutoka, kaveera inazidi kuwa ya hatari, kila mtu anajua, na hakuna anayetaka kuingiza mkono. Ni bora kuliko dadu.

#26 Kete_Moto

Nalongo ametengeneza sheria mpya katikati ya uzi na hakuna aliyemlipa kwa neno.

#27 Boda_wa_Dadu

Sasa niseme langu, maana nimesoma kutoka juu.

Kwenye stegi yetu ya boda ludo inachezwa kutwa nzima, mtu akisubiri abiria. Jioni ni matatu, mchezo wetu wa karata. Kwenye matatu kila stegi ina vipengele vyake: kadi gani inakuruka, kadi gani inakulisha mbili, ukisahau kutamka unakatwaje. Ukitoka Wandegeya ukaenda Kawempe unauliza kwanza, "hapa mnacheza vipi?" Hakuna anayesema gemu ni mbovu. Kipengele kikileta ugomvi mara mbili, mara tatu, kinaachwa. Vilivyobaki ni vile ambavyo watu wengi mno wamevipiga kwa miaka mingi.

Na omweso, bao letu, ndiyo zaidi. Mashimo 32, kete 64, hakuna joka, hakuna hadithi, na huoni tundu kwenye sheria. Nani aliiandika? Hakuna. Imepitia mikono ya mababu wote.

Hizi gemu zenu zinachezwa na meza chache, miezi michache, halafu zinachapwa na kugandishwa. Mnataka ziwe kama omweso mwaka wa kwanza. Zipeni muda na zipeni watu. Mimi sioni kwamba waandishi ni wavivu.

#28 Mzee_wa_Bombo

Huyu kijana ameongea.

#29 Clearing_Malaba

Ameongea, lakini D&D ina zaidi ya miaka 50 na meza duniani kote, na katika toleo la tatu mchawi wa ngazi za juu alimwacha mpiganaji mbali kabisa, mpiganaji anaongeza kupiga, mchawi anasimamisha wakati na kuita viumbe. Wingi wa watu peke yake haukutosha. Ngazi za chini kila mtu anazicheza, za juu wanafika wachache. Narudi kwenye majaribio: swali ni wapi pamejaribiwa, na mwandishi alikuwa chumbani au hakuwepo.

#30 Mubende_Kwetu

Basi niwaonyeshe langu, mlipige kabla halijachapwa.

Natengeneza gemu ya enzi za Bachwezi, wale watawala wa hadithi za kale za Bunyoro. Inaanza Isaza akiwa mfalme, na Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, anatuma ujumbe akitaka wachanjiane wawe ndugu. Isaza anaogopa, anamtuma Bukuku bawabu wake afanye omukago ule, yaani udugu wa damu, badala yake. Nyamiyonga akijua amedanganywa, kisasi chake ndicho kinachozaa hadithi yote: binti yake anapanda juu, ng'ombe wazuri wanatumwa, Isaza anawafuata hadi ardhini asirudi. Baadaye ni zamu ya Ndahura na Wamara, wafalme wa Bachwezi. Wachezaji ni watu wa chini yao: wachunga ng'ombe, wahunzi, wajumbe. Mahali ni kilima cha Mubende, mto Katonga, na Bigo bya Mugenyi, yale mahandaki ambayo kwa jumla yanazidi kilomita 10. Nimesimama ndani ya handaki moja. Kingo ziko juu ya kichwa changu hata baada ya mvua za miaka yote hiyo, na nyasi zimeota kwenye udongo uliochimbuliwa na watu kwa majembe.

Sheria: dadu mbili za ludo, unajumlisha. 10 na kuendelea, umefanikiwa kabisa. 7 hadi 9, umefanikiwa kwa gharama. 6 kushuka, mambo yanakugeukia. Mfumo huo nimeuchukua kwenye Apocalypse World ya 2010. Mali na silaha haziongezi chochote. Kinachoongeza ni omukago. Kila mtu uliyechanjiana naye na kula naye buni ni +1, kwa sababu katika dunia ile nguvu ya mtu ni watu wake.

#31 Kete_Moto

Hii ningeicheza kesho!

#32 Mwl_Elgon

Nami ningeicheza. Lakini tazama hesabu. Bila ndugu yeyote, mchezaji anageukwa mara 15 kati ya 36, anapata kwa gharama mara 15, anafanikiwa kabisa mara 6. Huo ni mgawanyo mzuri, una msisimko. Akiwa na ndugu wanne, anageukwa mara 1 tu kati ya 36, na anafanikiwa kabisa mara 26. Wachezaji watatumia vikao vya mwanzo kuchanjiana na kila mtu kutoka Mubende hadi Katonga, halafu hawatashindwa tena. Hofu ya Nyamiyonga itakuwa imekwisha.

#33 Bint_Arua

Weka kikomo. Ndugu wawili, basi.

#34 Mzee_wa_Bombo

Kikomo cha nini? Hakuna mtu aliyewahi kuambiwa umeshafikisha idadi ya ndugu. Kilichowazuia watu kuchanjiana ovyo ni kwamba ndugu wa damu hukatai anachokuomba. Akija usiku na tatizo lake, ni lako. Ukimkatalia, damu ile uliyoila inakudai. Andika hilo. Mwenye ndugu wanne awe na milango minne inayoweza kugongwa.

#35 Nalongo_Jinja

Na kaveera! Kila ukichanjiana, jina la ndugu yako linaingia kwenye kaveera. Kila kikao mwendeshaji anachomoa moja bila kurudisha. Jina likitoka, ndugu huyo amekuja kuomba. Kikao cha mwisho hakuna aliyebaki mkono mtupu.

#36 Mwl_Elgon

Nalongo, hapo nakubali kutorudisha.

#37 Bint_Arua

Bado hamjatibu +4. Maombi yanakuja kikao kijacho, lakini dadu zinatupwa sasa hivi. Mchezaji atakopa leo na kesho atakuwa ameshamaliza hadithi. Kikomo ni kitu cha mstari mmoja na kinafanya kazi.

#38 Mubende_Kwetu

Kinafanya kazi na kinaua kitu. Nataka Isaza aonekane mjinga kwa kumtuma bawabu, na kikomo kinamfanya aonekane mwerevu anayebana nafasi zake mbili. Lakini namba za mwalimu siwezi kuzipuuza. Labda +1 ipatikane tu pale unapomtaja ndugu kwa jina na kusema anakusaidiaje, na ukimtumia leo jina lake linaingia kwenye kaveera leo.

#39 Clearing_Malaba

Msilimalize hapa kwa maneno. Mubende, tutumie kurasa. Tutacheza Malaba, wewe usiwepo, usipigiwe simu, usieleze chochote. Kundi moja lenye kikomo cha Bint_Arua, kundi jingine lenye kaveera ya Nalongo. Tutaandika kila mahali tulipokwama na kila mahali mwendeshaji alipolazimika kubuni.

#40 Nakivale_Rafiki

Na sisi tupeni. Mwendeshaji wetu anafuata kitabu kama kilivyo, mtajua kila tundu.

#41 Mubende_Kwetu

Ijumaa nawatumia wote wawili. Sehemu ya kushuka kuzimu bado sijaiandika, ishieni Bigo.